Naomba ushauri: mafuta ya asumini ya mzazi yanachacha

Wajuzi wa manukato, nisaidieni. Mafuta ni ya mzazi kujipaka ndani ya arobaini, miguuni na mgongoni tu. Kifuani hapana, mtoto ananyonya. Nusu lita ya mafuta ya nazi, viganja viwili vya asumini iliyochumwa jioni ikianza kufunguka, maua yanabadilishwa kila saa 24, mara saba. Harufu inashika vizuri, ila maji yanatuama chini ya chupa na mafuta yanachacha. Nashuku unyevu wa maua. Niyanyaushe kivulini kwanza, au nazi ya kukamua nyumbani ndiyo yenye maji? Kuchemsha sitaki, harufu inapotea. Ufuta je, unadumu zaidi?