Ukoo wa Ngamiani: Saumu na bayoteknolojia

Mama Saumu: Asalaam alaikum jamani. Sijalala. Saumu kajaza bayoteknolojia chaguo la kwanza, SUA, chuo cha kilimo Morogoro. Miye nilitaka udaktari. Hiyo ni kazi gani?

Saumu: Shikamoo bibi, shikamoo ba'mdogo. Mama tumeshaongea, ni kutumia viumbe hai na vinasaba vyao kutengeneza vitu vya kufaa watu 😢

Bibi: Marahaba mjukuu wangu. Mihogo yangu ya Pongwe imeharibika tena. Majani mazuri, ukichimba ndani kahawia tupu.

Saumu: Bibi, huo ni ugonjwa wa michirizi ya kahawia, na ndio unaonipeleka chuo! Ulielezwa kitaalamu 1936 na watafiti wa hapa hapa kwetu Tanga, Amani. Ni virusi. Inzi weupe wanaeneza, na pingili pia: ukikata kwenye shina linaloumwa, umepanda ugonjwa. Maabara wanatafuta vinasaba vya virusi kwenye jani wajue shina lipi safi, halafu wanakuza ncha changa kwenye chupa, inatoa miche isiyo na virusi.

Bibi: Kumbe. Na pingili zile nilipewa.

Mama Saumu: Sawa, mihogo. Mshahara je? Binti wa jirani kasoma hiyo hiyo, mwaka wa pili huu anauza vitenge.

Ba'mdogo Idrissa: Shemeji, hofu yako ni ya kweli. Kazi nyingi ni mkataba wa mradi, ukiisha unaanza upya. Mwenyewe yamenikuta mara mbili. Na shahada hii siyo ya maabara ya hospitali, ile ina masomo yake na baraza lake la usajili. Wengi wanagundua wameshamaliza. Inauma sana.

Ba'mdogo Idrissa: Lakini kazi zipo. Mlingano wanatafiti mkonge. Chanjo ya malaria ya RTS,S ilijaribiwa Korogwe na Bagamoyo kabla WHO haijaipitisha 2021. Saumu, kila likizo uombe maabara, hata bila posho. Upime PCR, kile kipimo cha vinasaba, kwa mikono yako, usiishie kuisoma. Na ujifunze kompyuta ya kuchambua vinasaba.

Mjomba Hamadi: Sisi wa Hale tunajua. Korona, ile mashine ya kuchakata mkonge, inatoa singa (nyuzi) kidogo tu, jani karibu lote linatupwa. Pale walijenga mtambo, bakteria wanageuza mabaki kuwa gesi, gesi inatoa umeme. Hiyo nayo ni fani yake.

Mama Saumu: Saumu, chaguo la pili umejaza nini?

Saumu: Maabara ya tiba, Muhimbili. Nilijaza kwa ajili yako mama.

Mama Saumu: Basi ya kwanza ibaki palepale. Idrissa, Jumatatu mpeleke Mlingano akaulize habari za mafunzo.

Bibi: Mpitie kwangu kwanza, mchukue na jani la muhogo.