Hasira zote kwa Mchina mwenye koleo, aliyesaini mkopo anapigiwa king'ora apite

Wakuu, heshima mbele. Naandika nikiwa nimechafukwa, mtanivumilia.

Kwenye kundi letu la WhatsApp imezunguka video. Vijana wanane wamemweka kati Mchina mmoja kwenye barabara inayojengwa. Kijana mwenzao kabisa, kofia ya njano imemzidi kichwa, koleo mkononi. Wanamzomea: rudi kwenu, mnatumalizia nchi! Naye anacheka kile kicheko cha mtu asiyeelewa anaambiwa nini. Chini yake makofi matupu, "wazalendo ndio hawa". Nikauliza swali moja tu: kati ya hao tisa, nani alisaini mkopo? Nikaitwa kibaraka. Dakika kumi baadaye admini akanitoa.

Haya, povu nalimwaga hapa.

Huu uzalendo wa kumzomea mbeba koleo umeniishia hamu. Mikopo hii ya China ya kujengea reli na barabara inasainiwa na mawaziri wetu wenyewe, kwa jina letu, na sisi ndio walipaji. Ila msainiji hazomewi. Akipita tunasogea pembeni.

Tuanze na Kenya. Kampeni za 2022, Ruto aliahidi mambo mawili kuhusu Wachina: ataanika mikataba ya reli ya SGR, na atawarudisha kwao wanaochoma mahindi na kuuza simu. Kilichovuma ni lipi? Mahindi! Reli ya Mombasa hadi Nairobi imekopewa zaidi ya dola bilioni 3, na sisi tunabishana nani ageuze muhindi kwenye jiko. Oktoba 2023 mheshimiwa alikuwa Beijing, safari ya kutafuta dola bilioni 1 nyingine za kumalizia barabara zilizokwama. Kukopa si dhambi, simlaumu kwa hilo. Nalaumu sisi tuliomezeshwa muhindi.

Na nimpe haki yake: Novemba 2022 waziri wake wa uchukuzi aliweka hadharani sehemu ya mikataba ile. Wangapi mliisoma? Mkopo mmoja wa kibiashara ulikuwa na riba ya asilimia 3.6 juu ya Libor, ile riba ya soko la London iliyokuwa inapanda na kushuka. Ikipanda, malipo yalipanda nayo. Ugomvi ukitokea, unakwenda kusuluhishwa Beijing. Halafu kuna kipengele cha siri: mkopaji asitoe masharti nje. Hebu kirudieni hicho taratibu. Anayelipa ni mwananchi, na anayefichwa ni huyohuyo mwananchi, na serikali yake imekubali kwa kalamu kumficha. Ile karatasi ilikaa kabatini miaka minane tangu 2014.

Madhara ya siri hiyo waulizeni madereva wa malori Mombasa. Ili mkopo ulipike, mamlaka ya bandari ilikuwa imejifunga kuipa reli kiwango fulani cha mzigo. Mzigo usipofika, pengo linazibwa. Wananchi hawakulijua hilo mapema. Agosti 2019 ikashuka amri: makontena yote ya Nairobi na nchi za jirani yapande treni. Malori yakalala, gereji na mama lishe wa njiani wakalala nayo. Watu wakaandamana Jumatatu baada ya Jumatatu, na Oktoba amri ikasimamishwa. Sasa hapo Mchina wa kumzomea ni yupi? Aliyelaza malori ni kifungu ambacho mtu wetu alikisaini akijua.

Zambia ndiyo kabisa. Michael Sata mwaka 2006 aligombea urais akiwasema Wachina kila jukwaa. Na hasira zilikuwa na msingi, tusidanganyane: 2010 wasimamizi wa Kichina wa mgodi wa makaa ya mawe kusini mwa nchi waliwafyatulia risasi wachimbaji waliokuwa wanadai mazingira bora ya kazi. Zaidi ya kumi walijeruhiwa. Mwaka uliofuata mashtaka yakafutwa, na waliofuta ni waendesha mashtaka wa Zambia yenyewe. Sata akashinda 2011. Hata miezi miwili haijaisha, akawaandalia Wachina chakula cha mchana Ikulu. Chama chake kikakopa kwao kwa miaka mingi. Novemba 2020 nchi ikashindwa kulipa, na deni lililowashinda siku ile lilikuwa la hatifungani za dola, za wawekezaji wa masoko ya fedha. Hao hakuna aliyewaandamania. Hawavai kofia ya njano.

Sri Lanka nayo mnaitaja kila uzi, "waliporwa bandari". Desemba 2017 bandari ya Hambantota ilikabidhiwa kampuni ya Kichina kwa mkataba wa kukodishwa miaka 99, dola bilioni 1.12, kweli. Januari ya mwaka huohuo watawa wa Kibudha na wakazi walikuwa wameingia barabarani kutetea ardhi yao, wakapigwa mabomu ya machozi na polisi wa nchi yao. Ila pesa zile hazikwenda kufuta mkopo wa bandari, ziliingia kwenye akiba ya fedha za kigeni kwa sababu nchi ilikuwa imebanwa na madeni kila upande. Na Mahinda Rajapaksa, ambaye bandari ilijengwa chini ya utawala wake, mkoani kwao, alipokuwa nje ya madaraka akageuka mpingaji wa kukodishwa kwake. Mnaona mchezo? Ukiwa ndani unasaini, ukiwa nje unapeperusha bendera.

Najua sasa hivi kuna mtu anaandika "Magufuli aliwagomea". Subiri. Mradi wa bandari ya Bagamoyo, 2019, alisema masharti ya Wachina angeyakubali mwendawazimu tu: dhamana ya miaka 33, ukodishaji wa miaka 99. Nilishangilia na mimi. Ila tulisikia kwa mdomo. Karatasi yenyewe mwananchi hakuwekewa mezani, si na aliyeanzisha mazungumzo, si na aliyeyasimamisha, na 2021 tukaambiwa yanafufuliwa. Unashangilia au unapinga kitu ambacho hujakisoma. Huo ni ushabiki wa mpira, wakuu.

Na msiniambie haiwezekani kubishana na Wachina. Malaysia waliusimamisha mradi wa reli ya pwani ya mashariki 2018, wakarudi mezani, Aprili 2019 gharama ikashuka kutoka ringgit bilioni 65.5 hadi 44. Njia ilifupishwa kidogo, sawa. Lakini bilioni 21.5 hazikupungua kwa kufupisha njia peke yake.

Wanaonivua kofia ni watu wa Lamu. Waliletewa mpango wa mtambo wa umeme wa makaa ya mawe, megawati 1,050, karibu na mji wa kale ulio kwenye urithi wa dunia, fedha zikitarajiwa kutoka benki ya Kichina. Wavuvi na wazee wa pale wangeweza kuchoma matairi na kutukana mtu. Wao wakaenda kwenye nyaraka. Wakaichambua ripoti ya athari za mazingira, wakahoji lini na wapi wananchi walishirikishwa, wakaibeba kesi miaka. Juni 2019 baraza la mazingira likafuta leseni. Mwaka uliofuata benki ikajitoa. Hakuna kijana wa Kichina aliyezomewa barabarani ili hilo litokee, na aliyeshindwa kesi ni mamlaka ya Kenya iliyotoa leseni pamoja na kampuni iliyoiomba.

Kwa hiyo atakayekuja hapa na "Wachina watoke", naomba aambatanishe na ukurasa. Ukurasa wowote wa mkataba wowote wa mradi anaoulalamikia, wenye riba, muda na jina la aliyesaini upande wetu. Mwenye nao auweke, tuutafsiri pamoja, hata ikichukua wiki. Mwenye ujuzi wa sheria anisaidie: ukiomba nakala serikalini ukanyimwa, hatua inayofuata ni ipi na inagharimu nini? Nataka kuanza mimi mwenyewe.

Na admini wa lile kundi, najua humu una akaunti. Swali hukulijibu.