Kikundi cha ukoo: rafiki wa simu na rafiki wa baraza

Dada Salma: Assalamu alaikum. Zuhura anataka kuonana Ijumaa na mwenzake waliyejuana kwenye kikundi cha mapishi huko Facebook. Miezi minne wanaandikiana. Wenye ujuzi semeni.

Ami Khamis: Waalaikumu salamu. Kipimo cha urafiki ni saa mlizokaa pamoja, siyo miezi. Mtafiti Jeffrey Hall wa Chuo Kikuu cha Kansas alihesabu mwaka 2018: kwenye saa 50 hivi mliojuana tu mnaanza urafiki, 90 mmekuwa marafiki, 200 na zaidi ndiyo wa karibu. Ni saa za kukaa na kuzungumza. Za kufanya kazi ofisi moja hazisaidii sana.

Bi Mwanaisha: Ndiyo faida ya baraza. Saa moja kila jioni, miezi saba umeshazimaliza hizo 200 bila kupanga. Na pale unamwona mtu akikasirika, akidaiwa, akisalimu wazee.

Kaka Juma: Kwenye kuandikiana mtu hufuta na kupanga upya maneno, na asiposema jambo wewe unamjazia mazuri. Ndiyo maana siri hutoka mapema, wiki ya pili tu keshasema ya nyumbani kwao. Joseph Walther, mtafiti wa mawasiliano, alilieleza hilo 1996. Ukaribu huo huwa wa kweli mara nyingi, ila haujajaribiwa.

Dada Salma: Sasa afanyeje?

Kaka Juma: Wapigiane video angalau mara mbili, saa tofauti. Kamera ikiwa mbovu kila siku, asiende. Picha za yule azipitishe Google Lens, inayotafuta picha mtandaoni; zikitokea kwa jina jingine, basi. Halafu atafute mtu anayemjua uso kwa uso. Marafiki wa pamoja wa Facebook hawatoshi, watu hukubali hata wasiowajua.

Shangazi Time: Waonane bustani ya Forodhani kungali jua, si nyumbani kwa mtu wala ndani ya gari. Aende na mwenzake, nauli ya kurudi awe nayo mwenyewe. Saa moja na nusu inatosha. Wakikosa la kusema asivunjike moyo, waliozoeana kwa maandishi huchelewa kuzoeana kwa sauti.

Ami Khamis: Awashe eneo la moja kwa moja WhatsApp, mama yake aone alipo, achague muda wa saa 8, dakika 15 hazitoshi. Bando liwepo na simu ijae chaji, ama sivyo alama inaganda pale pale nanyi mnadhani yu salama.

Bi Mwanaisha: Na akiombwa zile namba 6 zinazoingia kwa ujumbe, asitoe. Ndizo zinazofungua WhatsApp yake kwenye simu ya mwingine, kisha ukoo mzima tunaombwa pesa kwa jina lake.

Kaka Juma: Ila msimkataze. Mtaani unampata aliye jirani, kwenye simu unampata anayependa unachokipenda. Mwenye maradhi adimu atampata wapi mwenzake mtaani?

Zuhura: Shikamooni. Nitampigia video leo saa mbili usiku, na kesho asubuhi tena. Shangazi, utanisindikiza Ijumaa?

Shangazi Time: Marahaba mwanangu. Nakuja. Tukishasali alasiri tu tunatoka.