Mjadala: Vidonge, barafu na kufunga kula, vimepimwa kwa nani?

Ndugu zangu, salaam. Nataka tujadili hii biashara ya kuuboresha mwili ambayo vijana wanaiita bayohakingi. Hapa Kampala imeshatoka kwenye simu ikaingia majumbani: vidonge vya lishe, dripu za vitamini, kufunga saa 16, kujitumbukiza kwenye barafu. Swali lenyewe ni hili: anayeuza vitu hivi alazimishwe kuonyesha utafiti uliofanywa kwa watu wanaoishi kama sisi, kabla hajachukua pesa ya mtu? Mimi nasema alazimishwe. Mwenye hoja tofauti aje nayo, tusikilizane.

Mimi ni fundi wa maabara kwenye kliniki ndogo upande wa Kawempe. Kuna kijana huja kwetu kila baada ya miezi mitatu na daftari lake la mistari. Huku ameandika saa alizolala, huku alichokula, huku uzito, na pembeni kabisa kuna safu ya wino mwekundu: kipimo cha wastani wa sukari ya damu kwa miezi mitatu. Mara ya mwisho jibu lilitoka asilimia 5.4, akafurahi, akalizungushia duara. Nikamwuliza kama amewahi kupima selimundu, ule ugonjwa wa kurithi wa chembe nyekundu za damu. Akashtuka. Akaniambia yeye si mgonjwa.

Hakuelewa kwa nini nauliza, na wengi hawaelewi. Kile kipimo kinaangalia sukari iliyonata kwenye himoglobini ya chembe nyekundu za damu. Mtu aliyerithi selimundu kwa mzazi mmoja tu kwa kawaida haumwi, lakini kipimo hiki kinaweza kumsomea chini. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2017, uliofanywa kwa Wamarekani weusi, ulionyesha kwamba watu wenye sukari sawa ya asubuhi walitoa majibu tofauti: wasiobeba selimundu wastani 6.01, wanaobeba 5.72. Sasa tuje kwetu. Mwaka 2016 yalichapishwa matokeo ya sampuli 97,631 za damu za watoto wa Uganda, na asilimia 13.3 walikuwa wabebaji. Yaani kwenye kila vijana kumi wenye madaftari kama lile, huenda yupo mmoja anayeshangilia namba inayomdanganya. Na huyo anayemuuzia programu ya sukari kwenye simu hajamwuliza hata siku moja.

Halafu kuna habari ya Pemba, ambayo naona inatuhusu kuliko zote. Watafiti waliwapa watoto wadogo wa Pemba madini ya chuma na asidi foliki kila siku, kwa nia njema kabisa, maana upungufu wa damu ulikuwa mwingi. Waliolinganishwa walikuwa watoto 24,076. Ikabidi sehemu ya madini ya chuma isimamishwe kabla ya wakati wake: waliopewa walikuwa na hatari iliyozidi kwa asilimia 12 ya kufa au kulazwa. Matokeo yalichapishwa mwaka 2006. Pemba wakati huo ilikuwa na malaria nyingi, na madini yaleyale yanayosaidia mtoto wa nchi isiyo na malaria yaligeuka mzigo. Lakini watoto waliopimwa wakaonekana wana upungufu wa kweli wa chuma, wao walifaidika. Mnaona? Kidonge ni kilekile. Kilichotofautiana ni mwili kilimoingia. Kila ninapomwona mama ananunua chupa ya chuma kwa mtoto kwa sababu ya video ya dakika moja, nawaza Pemba.

Hata watu wazima yamewakuta. Mwaka 1994 Ufini ilitoa matokeo ya wanaume 29,133 wavuta sigara. Waliomeza beta-karotini, ile rangi ya karoti, walipata saratani ya mapafu kwa asilimia 18 zaidi.

Barafu sitaichelewesha. Binamu yangu hununua barafu kwa wauza samaki wa Ggaba, anaimwaga kwenye pipa, anaketi humo akitoka kunyanyua vyuma. Mwaka 2015 watafiti walifuatilia wanaume 21 kwa wiki 12: walioingia kwenye maji ya nyuzi 10 kwa dakika kumi baada ya mazoezi walijenga misuli kidogo kuliko waliopoza mwili kwa kuendesha baiskeli polepole. Yeye anataka misuli. Nimemwambia, hanisikii.

Mfanyabiashara, Kikuubo: Kaka, mwili wangu, pesa yangu. Nimefunga saa 16 kila siku tangu Januari, nimepungua kilo tisa, presha imeshuka. Yule mwanasayansi Mjapani Ohsumi alipewa tuzo ya Nobel mwaka 2016 kwa jambo hilihili la mwili kujisafisha. Unataka ushahidi gani tena? Na bibi zetu walikunywa mululuza, ile dawa ya majani machungu, miaka yote, nani aliwadai makaratasi ya utafiti?

Fundi wa Kawempe: Kaka, kwa kilo tisa hongera, na sikutanii. Ila Yoshinori Ohsumi alitunzwa kwa kugundua jinsi seli inavyokula takataka zake, na alifanya kazi hiyo kwenye hamira. Hakupima mfanyabiashara anayeruka chai ya asubuhi. Waliopima watu wapo: Guangzhou, China, watu 139 wenye unene uliokithiri, mwaka mzima. Wote walipunguza chakula kwa kiasi sawa, nusu yao wakaambiwa wale kati ya saa mbili asubuhi na saa kumi jioni tu. Matokeo yalitoka mwaka 2022: pande zote mbili zilipungua, na saa hazikuongeza tofauti ya maana. Kwa hiyo kilichokupunguza ni kula kidogo. Kama saa zinakusaidia kujizuia, endelea nazo, ni bure. Ninayemkataa ni yule anayekuuzia ratiba ya kufunga kwa ada ya kila mwezi akikuambia Nobel imethibitisha. Mululuza pia nataka upimwe, kwa heshima ya bibi zetu.

Muuguzi, Arua: Kaka fundi, nakuunga mkono nusu. Huku kwetu ukidai utafiti wa Uganda kwa kila kitu, utangoja hadi wajukuu wazeeke. Utafiti ni pesa nyingi. Sheria yako itamfunga mama anayeuza unga wa mlonge sokoni, na mwenye duka kubwa la vidonge vya nje atatafuta karatasi na kupita. Umelifikiria hilo?

Fundi wa Kawempe: Dada, hapo umenigusa, na narekebisha kauli yangu. Unga wa mlonge unaouzwa kama chakula uachwe. Anayesema bidhaa yake inarefusha maisha, inashusha sukari au inaongeza kinga, huyo ndiye aonyeshe ushahidi. Na kama haujafanywa kwa watu wa mazingira haya, aandike hivyo kwenye chupa, kwa lugha ambayo mnunuzi anaisoma.

Ila kusema utafiti wa kwetu hauwezekani, hapana. Wengi hawajui kwamba habari ya nyuzinyuzi za chakula, inayouzwa leo duniani kwenye makopo, ilikuzwa na madaktari waliofanya kazi hospitali ya Mulago hapa Kampala, Denis Burkitt na Hugh Trowell. Waliona kwamba magonjwa yaliyojaa hospitali za Uingereza, kama kuziba kwa mishipa ya moyo, hapa yalikuwa adimu, wakaanza kuuliza watu wanakula nini. Ulikuwa uchunguzi wa kuangalia tu, na ulikuwa na mapengo, kwani watu wengi hawakufika hospitali kupimwa. Lakini mwaka 2019 zilikusanywa tafiti 185 za kufuatilia watu na majaribio 58, zikaonyesha kwamba wanaokula gramu 25 hadi 29 za nyuzinyuzi kwa siku, vifo vyao ni vichache kuliko vya wanaokula nyuzinyuzi chache. Nyuzinyuzi hizo zimo kwenye chakula chetu: maharage, kalo (ugali wa ulezi), mihogo, dodo (mchicha). Na mwaka 2018, kwenye uchunguzi wa nchi 168, Uganda ndiyo iliyokuwa na watu wachache kuliko zote wasiojishughulisha kimwili vya kutosha: asilimia 5.5. Hawakununua saa ya kuhesabu hatua. Walikuwa wanakwenda shambani.

Mfanyabiashara, Kikuubo: Sawa, nimekusikia. Yule kijana wa daftari aliishia wapi?

Fundi wa Kawempe: Alirudi wiki iliyopita. Ni mbebaji. Tukampima sukari ya asubuhi kabla hajala, ikatoka juu kidogo ya inavyotakiwa, tumempeleka kwa daktari. Ile 5.4 amepiga mstari juu yake, na chini ameandika tarehe ya kipimo kipya.