V for Vendetta: kwa nini watazamaji wanagawanyika, na tuijadili vipi?

Mtazamaji_Makini

Wakuu, heshima zenu. Kuna kikundi cha watu kama ishirini kitakachotazama filamu ya V for Vendetta, hadithi ya mtu wa kinyago aitwaye V anayepambana na udikteta nchini Uingereza, kisha kuijadili. Tatizo ni kwamba maoni ya watazamaji juu ya filamu hii hayakai pamoja kabisa. Mmoja atakwambia hakuna filamu iliyoonyesha vizuri namna raia wanavyoamka dhidi ya dikteta. Mwingine atasema ni visu, milipuko na maneno makubwa, na kwamba shujaa wake ni gaidi aliyepambwa. Mjadala wa namna hiyo huishia kwenye kelele: ninyi mnatetea ugaidi, ninyi mnatetea serikali.

Naomba mnaoifahamu kwa undani mnisaidie. Ugomvi huu hasa unatoka wapi? Vipande gani virudiwe? Na ule mwisho unaaminika, au ni ndoto tu? Toboeni hadithi yote, wanakikundi wataitazama kabla ya kusoma hapa.

---

Kiti_cha_Nyuma

Mkuu, ugomvi mwingi unatokana na watu kumkodolea macho V peke yake. V habadiliki. Anaingia na mpango wake, anautimiza, anakufa. Wanaobadilika ni Evey (msichana anayeokolewa na V), Inspekta Finch (mpelelezi anayemsaka V), na wananchi ambao hata majina hawakupewa. Ukifungua mjadala kwa swali la "shujaa au gaidi" umeshaufunga, maana filamu imempa V sifa zote mbili makusudi. Anza na wananchi.

Kabla hujawasha, waambie wafuatilie watazamaji waliomo ndani ya filamu yenyewe. Mwongozaji James McTeigue ana sehemu chache anazozirudia tangu mwanzo hadi mwisho: baa, makao ya wazee, na sebule ya familia yenye binti mdogo mwenye miwani. Kila jambo kubwa likitokea kwenye runinga, kamera inarudi kwao. V anapolipua mahakama ya Old Bailey, serikali inatangaza kuwa jengo lilibomolewa kwa mpango maalumu, na habari inasomwa kwa uso mkavu. Kisha V anakiteka kituo cha runinga cha BTN na kuwaalika watu wakutane naye nje ya Bunge tarehe 5 Novemba ya mwaka unaofuata. Hapo angalia sura za wale wa baa na wale wazee, hakuna anayegeuka. Kituo kikitangaza kwamba V ameuawa, binti mwenye miwani anakataa kwa neno moja tu.

Baadaye binti huyohuyo, akiwa amevaa kinyago kama cha V, anapuliza alama ya V kwenye bango la serikali na askari kanzu anampiga risasi. Majirani wanatoka mmoja mmoja na kumzingira askari, naye anapunga kitambulisho chake kana kwamba bado kina nguvu. Kisha inakuja hotuba ya mwisho ya dikteta Sutler, imejaa vitisho. Kamera inapita tena baa na sebule zilezile: viti vitupu, runinga inaongea peke yake. Kwangu mimi utawala umeanguka pale, kabla ya baruti ya kulipua Bunge kuwashwa. Kama mna muda wa kurudia kitu kimoja tu, rudieni hivyo vipande vya watazamaji kwa mfuatano.

Kuhusu uendeshaji: filamu ina dakika 132, kwa hiyo tengeni saa tatu na nusu. Simamisheni mara mbili. Mara ya kwanza, baada ya tukio la BTN na jinsi habari zilivyopotoshwa. Mara ya pili, Evey anapotoka nje juu ya paa, mvua inamnyeshea. Usisimamishe katikati ya kifungo chake, hata kama kuna mtu ana hoja moto, kwa sababu sehemu ile inategemea mtazamaji asijue ni nani anayemshikilia. Kila mkisimamisha, wape dakika tano za kuandika kimya kwanza. Bila hivyo, wa kwanza kuongea ndiye anayeamua wengine wataongelea nini.

Jambo dogo linaloharibu sana: sauti. Milipuko na muziki viko juu, maongezi mengi yako chini. Pima sauti kwa maongezi ya V na Evey ndani ya maficho, usipime kwa mlipuko wa mwanzo. Ukipima kwa mlipuko, watu wa nyuma hawatasikia barua ya Valerie, mfungwa ambaye maneno yake Evey anayasoma kifungoni, na barua ile ndiyo moyo wa filamu.

---

Kurasa_na_Wino

Naongezea upande wa kitabu ambacho filamu imetokana nacho, maana sehemu kubwa ya malalamiko inatoka kwa waliokisoma kwanza. Hadithi ya picha iliandikwa na Alan Moore, ikachorwa na David Lloyd. Ilianza kuchapishwa mwaka 1982 katika jarida la Uingereza liitwalo Warrior, na ikamaliziwa na kampuni ya DC mwishoni mwa muongo huohuo. Moore alikataa jina lake lisiwekwe kwenye filamu, na halimo. Aliyetajwa ni Lloyd.

Kiini cha malalamiko ni hiki. Kitabuni kuna ufashisti upande mmoja na V anayehubiri waziwazi maisha yasiyo na dola upande wa pili, na msomaji anaachwa kati ya hatari mbili. Filamu, kwa andiko la ndugu Wachowski, imeugeuza ugomvi kuwa dikteta dhidi ya watu wanaotaka uhuru wao. Hilo ni rahisi kushangilia. Kitabu si rahisi kukishangilia, na sababu zipo wazi.

Tofauti zenye uzito ni chache tu. Kitabuni Evey ana miaka 16, fukara, na usiku ule wa kwanza ametoka kujaribu kuuza mwili wake. Kwenye filamu ni mfanyakazi wa BTN mwenye kazi na chumba, hivyo woga wake ni wa mtu mwenye kitu cha kupoteza. Kitabu kinaanza kwa kulipua Bunge, filamu imelihifadhi Bunge hadi mwisho. Kitabuni Finch ndiye anayempiga V risasi ya kifo, na Evey anavaa kinyago aendeleze kazi. Kwenye filamu Finch anaishusha bastola na Evey anabaki yeye mwenyewe.

Chanzo cha udikteta pia kimebadilishwa. Kitabuni ni vita vya nyuklia vilivyoiacha Uingereza na njaa, chama cha Norsefire kikajitokeza kuleta utaratibu. Kwenye filamu ni virusi. Chama chenyewe kinavitengeneza kwa kuwafanyia majaribio wafungwa wa kambi ya Larkhill, kinaviachia kwa raia wake, kinasingizia magaidi, kinashinda uchaguzi kwa hofu, kisha dawa inapatikana na wakubwa wa chama wanatajirika nayo. Hapa nasimama na wanaoilaumu filamu. Ukishaonyesha njama kubwa namna hiyo, umewapunguzia wananchi mzigo: walidanganywa basi. Kitabu hakiwasamehe hivyo. V wa kitabuni anawasema raia kwenye runinga kama mwajiri anayemkaripia mfanyakazi mzembe, na wao ndio walengwa.

---

Fremu_kwa_Fremu

Wengi wanalaumu kwamba V "haigizi" kwa kuwa uso hauonekani filamu nzima. Hiyo hoja haitazami kazi iliyofanyika. Kinyago hakina mdomo unaocheza, hivyo Hugo Weaving amebaki na shingo, mabega, mikono na sauti. Angalia anavyoinamisha kichwa akisikiliza. Mwanga ukitoka juu, kivuli kinaanguka machoni na tabasamu linakuwa la kutisha. Ukitoka chini au pembeni, tabasamu lilelile linaonekana la huzuni. Mpiga picha Adrian Biddle, aliyefariki kabla filamu haijaanza kuonyeshwa, aliutumia mwanga kufanya kazi ya misuli ya uso.

Sauti ya V imerekodiwa upya studio, kwa sababu kinyago kinaziba maneno. Ndiyo maana inasikika karibu sana na sikio kuliko sauti za waliosimama naye. Baadhi ya watazamaji wanahisi kuna kitu hakijakaa sawa, na hicho ndicho. Ongeza kwamba aliyeanza kuigiza V ni James Purefoy, akaondoka upigaji ukiwa umeshafika wiki kadhaa, Weaving akaichukua nafasi.

Kipande cha kurudia kwa jicho la ufundi ni dhumna, zile nyeusi na nyekundu zinazoanguka na kuchora herufi V. Ni dhumna halisi 22,000. Watu wanne walizipanga kwa saa 200. Lakini msiishie kushangaa idadi. Tazameni zinaanguka wakati gani: Finch anaeleza jinsi matukio yote yanavyoshikana, na picha zinakata kutoka dhumna kwenda mitaani. Moja inabaki imesimama.

Na Sutler. John Hurt anaonekana karibu muda wote kama uso mkubwa kwenye skrini, mawaziri wake wamekaa chini yake gizani. Tunamwona mwili mzima mwishoni, chini ya ardhi, amepigishwa magoti, analia. Ni mtu mdogo. Ajabu njema ni kwamba Hurt huyuhuyu ndiye aliyeigiza Winston Smith, mhanga wa dola, katika filamu ya Nineteen Eighty-Four ya mwaka 1984.

---

Sikubaliani_Bado

Wakuu mmeeleza vizuri, ila mnaupitia haraka mfupa mgumu kuliko yote. V anamteka Evey, anamnyoa nywele, anamlaza njaa, anamtesa kwa maji, anamfanya aamini atapigwa risasi. Kisha anamwambia sasa uko huru. Nimesoma maoni mengi yanayosifu tukio lile kama kuzaliwa upya, na nayapinga kwa nguvu zote. Kinachofanyika pale ndicho hasa chama cha Sutler kilichofanya Larkhill. Nia tofauti haibadilishi kitendo.

Ila nimpe mwongozaji haki yake: hakuficha. Mkirudia, sikilizeni Evey akigundua. Anamwambia V anamchukia, kisha anashindwa kupumua. Kosa la filamu liko baada ya hapo. Mvua inanyesha, muziki unapanda, Evey ananyoosha mikono, na picha inakatwa sambamba na V akitoka kwenye moto wa Larkhill, alikofungwa zamani, mikono juu. Huo mlingano ndio unaomsafisha V, kwa sababu unamweleza mtazamaji kwamba mateso yote mawili yamezaa kitu kilekile. Siku ya mjadala zimeni muziki, mrudie kipande hicho kimyakimya, muone kama bado kinawaridhisha.

Kama mnataka mtu wa kumfuata katika filamu hii, mfuateni Finch. Hapigi mtu. Anafungua majalada. Kumbukumbu za Larkhill zimefutwa kila mahali, lakini kumbukumbu za kodi zimebaki, na humo anakuta kwamba Prothero, mpiga kelele wa runinga, alikuwa mkuu wa kambi, na askofu Lilliman alilipwa pesa nyingi mno kwa kazi ya kiroho. Kisha shajara ya daktari Delia Surridge inamalizia. Utawala wa kiimla huacha karatasi, na mtumishi mmoja mwenye dhamira anatosha kuzisoma. Watazamaji wanaolalamika kwamba katikati pamepoa wanalalamikia sehemu bora.

---

Mtazamaji_Makini

Shukrani nyingi wakuu, nimepata zaidi ya nilichoomba. Limebaki swali la mwisho wa filamu. Umati wenye vinyago unatembea kuelekea wanajeshi wenye bunduki, na hakuna risasi hata moja. Watu wengi wanaona hapo ndipo filamu inapojidanganya. Mnasemaje?

---

Kiti_cha_Nyuma

Mkuu, sikiliza redio kwenye kipande kile. Ofisa wa jeshi anapiga simu ya upepo kuomba maelekezo, hapati jibu. Hapati kwa sababu wenye kutoa amri wamekwisha: Creedy, mkuu wa usalama, amemuua Sutler, V amemuua Creedy na watu wake. V alimfuata Creedy mapema akamwahidi kujisalimisha, sharti ni kumleta Sutler. Yaani hakulivunja jeshi, aliukata mnyororo wa amri juu kabisa, tena kwa kutumia tamaa ya Creedy. Wanajeshi wanabaki na umati uliofika bila silaha na uamuzi ambao hakuna wa juu wa kuusaini. Ofisa anaamuru watulie.

Kinachopungua ni muda. Filamu inakupa sekunde chache tu za yule ofisa, wakati yeye ndiye mtu muhimu kuliko wote usiku ule. Laiti tungemwona hata mara moja kabla, akipokea amri na kuitekeleza, mwisho ungesimama imara. Sasa mtazamaji anaiona bahati, ilhali andiko lilikusudia sababu.

---

Sikubaliani_Bado

Hapo naunga mkono, na hilo ndilo swali la kufungulia mjadala badala ya lile la gaidi: yule ofisa alikuwa na sababu gani za kupiga, na zipi za kutopiga? Gawanya kikundi mara mbili, kila upande uorodheshe kwa kutumia mambo yaliyoonekana ndani ya filamu pekee. Upande wa kupiga utakuwa na mengi kuliko watu wanavyodhani, kuanzia amri ya kutotoka nje iliyovunjwa hadi tishio la Sutler kwamba kila mwandamanaji ataadhibiwa. Wape dakika 20. Asiyekumbuka tukio arudishiwe kipande akitazame, asitegemee kusimuliwa na jirani.