Barua mbili za udahili: chuo nafuu au chuo chenye programu inayofaa?

Waya_Mwekundu:
Wakuu, naomba msaada wa hesabu zaidi kuliko maneno ya kutia moyo. Mwombaji anataka uhandisi wa umeme, upande wa mitambo ya nishati. Chuo A kina programu hiyo hasa na maabara zake, ila hakikumpa ufadhili hata kidogo. Chuo B kimempa ufadhili wa nusu ya ada, lakini shahada yao ni uhandisi wa jumla, umeme unaanza kuguswa mwaka wa 3. Tuseme ada ya A ni 100 kwa mwaka, ya B ni 90 kabla ya ufadhili, miaka minne kote, na gharama za kujikimu zinalingana. Pengo litajazwa kwa mkopo. Mtu anapimaje kama A inastahili hiyo nyongeza?

Kikokotoo:
Wengi watachukua 100, watoe 45, wazidishe kwa 4, wapate 220. Hapo wamekosea mara tatu.

Kwanza, ada hupanda. Ikipanda 5% kila mwaka, A ni 100, 105, 110.25 na 115.76, yaani 431 kwa miaka minne. Kwa B lazima uulize swali moja kabla ya yote: ufadhili ni asilimia ya ada au ni kiasi kisichobadilika? Ukiwa asilimia, atalipa 194. Ukiwa 45 ileile kila mwaka, atalipa 208, na mwaka wa 4 peke yake atatoa 59 badala ya 45 aliyozoea mwaka wa kwanza.

Pili, ufadhili una masharti. Akiupoteza baada ya mwaka wa 2, ile 194 inakuwa karibu 296. Soma barua: wastani gani wa alama unatakiwa, unapimwa kila muhula au kila mwaka, ukishuka kuna muhula wa kujirekebisha au unakatwa papo hapo, na akipunguza idadi ya masomo inakuwaje. Ofisi ya ufadhili iulizwe wazi ni wanafunzi wangapi kati ya waliopewa bado wanao mwaka wa 3. Wastani uleule ni mgumu zaidi kuushika kwenye uhandisi kuliko kwenye programu nyingi, na barua haitakwambia hilo.

Tatu, mkopo. Chukua pengo la 223 (431 toa 208), lililokopwa kidogokidogo mwanzoni mwa kila mwaka kwa riba ya 8%. Kama riba inahesabiwa tangu siku ya kwanza na kuongezwa kwenye deni kila mwaka, siku ya kuhitimu deni ni 271. Likilipwa kwa miaka 10, rejesho ni 3.3 kila mwezi, na jumla inafika 395. Hiyo ndiyo bei ya A juu ya B. Kurefusha mkopo hadi miaka 20 kunashusha rejesho la mwezi, lakini kila 100 uliyodaiwa siku ya kuhitimu utailipa kama 200. Sasa weka ile 3.3 mbele ya mshahara wa kuanzia wa kazi yenyewe baada ya makato. Usitumie wastani wa mishahara ya fani nzima, maana humo wamo wenye uzoefu wa miaka 20.

Halafu angalia jedwali la "msaada" kwenye barua zote mbili. Mara nyingi mkopo huorodheshwa pamoja na ruzuku ili jumla ionekane nono. Mkopo haupunguzi gharama, unaisogeza mbele tu. Ufute, kisha ujumlishe upya.

Maabara_ya_Tatu:
Hesabu ya Kikokotoo naikubali, ila hayo yote hayana maana kama shahada ya B haimfikishi anakotaka. Cha kwanza kabisa ni ithibati. Chuo kutambuliwa na serikali ni jambo moja, programu kukubaliwa na bodi inayosajili wahandisi ni jambo jingine. Bodi iulizwe moja kwa moja, kwa maandishi: mwenye shahada hii ya uhandisi wa jumla anasajiliwa katika fani ya umeme, au anatakiwa kuongeza masomo? Kama ana ndoto ya kufanya kazi nje, aulize pia kama programu imo kwenye Mkataba wa Washington wa 1989, ambao chini yake taasisi za ithibati za nchi wanachama hutambuliana shahada za uhandisi. Jibu likiwa "hapana" kwa B, unafuu wake umekwisha hapo.

Likiwa "ndiyo", omba mtaala wa muhula kwa muhula na ratiba za miaka 2 iliyopita. Kitabu cha matangazo ya chuo hakitoshi, kwa sababu kina masomo ambayo hayajafundishwa muda mrefu kwa kukosa mhadhiri. Hesabu masomo ya umeme yaliyofundishwa kweli: saketi, sumaku-umeme, mashine za umeme, mifumo ya nishati, udhibiti. Kisha tazama minyororo ya masharti. Somo likitolewa mara moja kwa mwaka na mengine mawili yakilitegemea, kulifeli ni kusubiri mwaka mzima. Mwaka wa 5 kwa kawaida hauna ufadhili, na mshahara wa mwaka huo umeshapotea. Mimi naihesabu hatari hii kwa vyuo vyote viwili, A pia.

Pazia_la_Dirisha:
Tusichanganye programu inayofaa na chuo chenye jina. Dale na Krueger, katika utafiti wao wa 2002 huko Marekani, waliona kwamba waliokubaliwa na vyuo vinavyochuja sana lakini wakasoma kwingine walipata kipato karibu sawa na waliosoma huko. Waliofaidika zaidi kwa kusoma vyuo hivyo ni wanaotoka familia za kipato cha chini. Jina lisilipiwe 395. Maabara na usajili, sawa.

Kabla ya kuchagua, A iandikiwe. Ukurasa mmoja: uthibitisho wa kipato cha familia, nakala ya barua ya B, na kiasi kamili kinachopungua. "Naomba msaada zaidi" huishia kwenye faili, "napungukiwa 30 kwa mwaka" hupata jibu, hata likiwa la kukataa. Iende kabla ya kulipa amana ya kushika nafasi, na muda wa nyongeza uombwe kwa maandishi kwa vyuo vyote viwili.

Waya_Mwekundu:
Asanteni. Na kuanza B kisha kuhamia A mwaka wa 2?

Maabara_ya_Tatu:
Ni nafuu kwenye karatasi. A watalinganisha maudhui, saa na alama za kila somo, na kwa kuwa umeme wa B unaanza mwaka wa 3, anaweza kurudishwa mwaka wa 1. Ufadhili wa wanaoingia mwaka wa kwanza mara nyingi haumhusu anayehamia. Asijaribu bila barua ya A inayotaja masomo watakayoyapokea, somo kwa somo.