Nipo Leipzig na euro 25 kwa wiki ya chakula: nawezaje kula vizuri?

MgeniLeipzig
Wakuu, habari za jioni. Nasoma shahada ya uzamili Leipzig, Ujerumani, nimeingia mwezi wa tisa. Ile akaunti ya Sperrkonto, yaani akaunti iliyofungwa ya mwanafunzi wa nje, inaachia euro 992 kila mwezi, na ukiibadilisha kwa shilingi mtu wa nyumbani anaona nimetoboa. Toa chumba 395, bima ya afya 140 na ushee, simu, ada ya muhula naiwekea kidogo kidogo. Halafu kuna ndugu walionichangia kujaza hiyo hiyo akaunti, nao wanarudishiwa kila mwezi. Kinachobaki cha kula ni euro 25 kwa wiki, wiki nzuri 30.

Kwa sasa asubuhi mkate na jemu, mchana tambi zile za dakika tatu, usiku wali na mayai. Duka la Waafrika unga wa sembe ni euro 4 na kitu kwa kilo, dagaa hata bei siulizi. Nashiba, lakini ikifika saa tisa alasiri niko darasani macho yanajifunga, na nikipanda ngazi napata kizunguzungu. Jiko tunatumia watu sita, kwenye friji nina rafu moja, friza nusu droo. Naombeni ushauri, ila tafadhali msiniambie nile kachumbari. Nataka chakula.

JiraniWaHalle
Karibu Saxony dada. La kwanza, hilo duka la Waafrika liache liwe la sikukuu. Panda tramu shuka Eisenbahnstraße, maduka ya Waturuki na Waarabu yamepangana pale. Mchele wa kilo 5, dengu nyekundu, njegere kavu, maharage, bulgur (ngano iliyovunjwavunjwa), vyote vinauzwa kwa mifuko mikubwa. Bizari nyembamba na pilipili manga unapata mfuko mzima kwa hela ambayo supermarket wanakupa kichupa cha kuchezea. Giligilani wanauza fungu kama la sokoni kweli, wala si yale majani matano ndani ya plastiki.

Halafu acha kupiga hesabu ya wiki kwa vitu vinavyokaa. Mchele, mafuta, unga na kunde ni vya mwezi. Kila wiki ununue mboga, mayai na maziwa tu.

MgeniLeipzig
Nimekuelewa kaka, ila nikimwaga hela yote wiki ya kwanza kwenye mifuko mikubwa, hizo mboga nanunua na nini?

JiraniWaHalle
Usinunue yote siku moja. Wiki hii mchele, wiki ijayo dengu na mafuta, inayofuata unga wa ngano na maharage. Ukifika wiki ya nne kabati limekaa sawa, unaanza kuzungusha. Au tafuta Mtanzania mwenzio mgawane mfuko, kilo 10 ikigawanywa inakuja nafuu zaidi.

Wiki yangu mimi pale Aldi au Netto: maziwa lita 2, mayai 10, karoti kilo, kabichi moja, viazi kilo 2.5, vitunguu, nyanya za kopo tatu, spinachi ya friza, ndizi, oti pakiti moja. Inacheza 16 hadi 18. Chukua vyenye nembo ya duka lenyewe, vinawekwa rafu ya chini kabisa, inama.

Nesi_Dortmund
Pole dadangu. Mimi ni Mkenya, nafanya kazi hospitali huku Dortmund. Kabla hamjaendelea na bei, hicho kizunguzungu usikichukulie poa. Umeingia Septemba, sasa ni Novemba, na chakula ulichotaja hakina madini ya chuma ya maana. Kama hedhi yako ni nzito, ndiyo zaidi. Tafuta Hausarzt, yaani daktari wa kawaida wa mtaani, mwambie unachoka na unapata kizunguzungu, aamue kama upimwe damu. Bima unailipia kila mwezi, itumie.

Jikoni sasa. Dengu, maharage na mboga za majani zina chuma, lakini mwili unakivuta vizuri ukila pamoja na kitu chenye vitamini C: kabichi isiyoiva sana, pilipili hoho, ndimu, hata chungwa baada ya kula. Na hiyo strungi mnayokunywa pamoja na chakula, isogeze mbele saa moja hivi, chai inazuia chuma kuingia. Nenda pia kwa muuza nyama wa Kituruki uulize maini ya kuku. Wajerumani wengi hawayapendi, ndiyo maana bei yake iko chini, na yana chuma kingi kuliko nyama nyingi. Mara moja kwa wiki inatosha, na kama una mimba usiyale.

Vitamini D nayo. Kuanzia Oktoba mpaka Machi jua la huku halina nguvu ya kuufanya mwili uitengeneze, na sisi wenye ngozi nyeusi tunahitaji jua zaidi ya wenyeji. Wataalamu wa lishe wa Ujerumani wanataja mikrogramu 20 kwa siku kwa mtu asiyepata jua. Vidonge vya duka la kawaida la vipodozi ni vya bei ndogo, ila muulize daktari siku hiyo hiyo, na usimeze vile vya dozi kubwa kwa kujipimia.

Chumvi nunua iliyoandikwa Jodsalz, ndiyo yenye madini joto. Bei ni karibu sawa na ya kawaida.

MzeeWaHamburg
Binti, ugali usikutoe jasho. Kwenye hayo maduka ya Kituruki tafuta mfuko ulioandikwa mısır unu, ni unga wa mahindi, laini, bei haifiki nusu ya hiyo sembe yako. Polenta ya supermarket ni chenga, ugali wake unakuwa kama umepika mchanga, hiyo waachie Waitaliano. Tofauti ni kwamba huu wa Kituruki ni wa njano. Vijana mtanuna. Sisi tuliokula unga wa yanga miaka ya sabini tunausonga bila kulalamika. Maji yachemke kweli kweli, anza na uji mzito, uache utokote, ndipo uongeze unga. Ukiharakisha unabaki na ladha ya ubichi.

Mboga ya huku inayokaribiana na sukuma wiki inaitwa Grünkohl, na huu ndio msimu wake. Imechanwa tayari, iko kwenye mifuko mikubwa. Mshipa wa katikati ni mgumu, utoe. Ile ya chupa iliyokwisha kupikwa usinunue.

KaziKwanza
Mimi nasema tofauti. Euro 25 utaishi, lakini huwezi kuishi hivyo miaka miwili na thesis juu. Mwanafunzi wa nje anaruhusiwa kufanya kazi siku nzima 140 kwa mwaka, au nusu siku 280. Kima cha chini cha mshahara mwaka 2025 kilikuwa euro 12.82 kwa saa. Hata kwa kima hicho, saa tano tu kwa wiki zinazidi mara mbili bajeti yako yote ya chakula. Tafuta kazi ya jikoni, mgahawa au kantini, sehemu nyingi unakula hapo hapo zamu ikiisha. Watu mnabanana kwenye senti za karoti wakati dawa ni kipato.

MgeniLeipzig
@KaziKwanza ni kweli kaka, nimeshaomba sehemu mbili. Kijerumani changu bado cha kuombea maji. Mpaka nipate, lazima nile.

MamaChoroko_Ungj
Assalaam aleikum. Mwanangu, wewe una vitu vyote, umekosa mtu wa kukupikisha tu. Mie niko Bremen mwaka wa ngapi huu sijui, nimelea watoto watatu kwa adesi (hizo dengu nyekundu) na choroko na hawajakosa kitu.

Jumamosi usiku roweka choroko vikombe viwili. Asubuhi mwaga maji, suuza, chemsha kwa maji mapya mpaka zipasuke, kama nusu saa. Sufuria nyingine, kaanga kitunguu kimoja kikubwa mpaka kiwe rangi ya asali, usikikimbize, hapo ndipo ladha ilipo. Tia thomu, tangawizi, bizari kijiko cha chai, nyanya ya kopo moja. Iache mpaka mafuta yajitenge juu. Mimina choroko na maji yake kidogo, tia tui la kopo, nusu kopo linatosha, nusu jengine weka friji upikie mchicha kesho. Ndimu mwisho, ukishatoa motoni. Sufuria hiyo inakulisha siku tatu, kwa wali au chapati. Choroko uzitafute duka la Wahindi au la Waasia, Waturuki mara nyingi hawana.

Kwa hiyo nusu droo ya friza: usigandishe wali, wali unapikwa kila siku kwa robo saa. Gandisha maharage yaliyochemshwa, kwenye mifuko, uyalaze yawe bapa kama daftari. Itaingia mifuko sita hapo bila tabu.

JiraniWaHalle
Naongezea hapo kwa Mama. Maharage mekundu makavu usiyapike kwa moto mdogo tangu mwanzo kama watu wanavyofanya na yale majungu ya umeme ya kupikia polepole. Roweka, mwaga maji, chemsha yatokote kwa nguvu dakika 10 au zaidi ndipo upunguze. Yasipochemka sawasawa yana sumu inayotapisha na kuharisha. Ya kopo hayana shida, yameshapikwa. Na ukiweza pata presha kuka ya mtumba kwenye Kleinanzeigen, ule mtandao wa kuuziana vitu, angalia mpira wake haujapasuka. Jiko la watu sita huwezi kukalia sahani moja saa mbili, watakununia.

Kantini_Juu
Hakuna aliyemtajia Mensa? Dada, kantini ya chuo bei ya mwanafunzi ni tofauti na ya mgeni, kitambulisho chako ndicho kinachokupa hiyo bei. Kuna sahani za euro 3 na kitu. Kula pale mara mbili au tatu kwa wiki, siku zile una vipindi mfululizo, ndiyo tambi zikome. Chukua sahani yenye kunde au samaki. Ya viazi na mchuzi mweupe unaweza kupika mwenyewe.

Jioni pia pitia supermarket kabla hazijafunga, hasa Jumamosi kwa sababu Jumapili zimefungwa. Vinavyokaribia tarehe vinabandikwa punguzo la asilimia 30 au hata zaidi. Kuku ukimpata hapo, gandisha siku hiyo hiyo. Kuna na programu ya Too Good To Go, mikate na mboga zilizobaki kwa sehemu ndogo ya bei, ila mfuko ni wa bahati, unaweza kupewa keki tupu. Mimi nimeacha.

Chupa za plastiki za kutumika mara moja na makopo ya soda usitupe, senti 25 kila moja kwenye mashine ya kurudishia. Chupa nyingi za bia ni senti 8. Hosteli yako yenye watu sita, mkiwa na sherehe, wewe jitolee kusafisha.

MgeniLeipzig
😂😂 Kantini_Juu umenimaliza. Swali jingine, rafiki yangu ananiambia niende Tafel wanagawa chakula. Naogopa, nasikia ukipokea msaada wa serikali wanakunyima kuongeza kibali cha kuishi.

MzeeWaHamburg
Hofu hiyo inazunguka sana na watu wanalala njaa kwa ajili yake. Tafel si serikali. Ni mashirika ya hisani, yalianza Berlin mwaka 1993, wanachukua chakula kizuri ambacho maduka yangekitupa. Kwenda pale si kupokea posho ya serikali. Utaonyesha karatasi kwamba kipato chako ni kidogo, na kila tawi lina utaratibu wake, mengine yamejaa na yana foleni ya kusubiri. Piga simu kwanza. Kuna pia foodsharing, hao hawakuulizi karatasi: wana makabati na friji za mitaani, mtu anaweka, mwingine anachukua. Kagua na kunusa kabla ya kubeba.

MamaChoroko_Ungj
Na anayekuja kutoka nyumbani Disemba mwagize. Nyama na maziwa haviruhusiwi kuingia Umoja wa Ulaya kutoka kwetu, hata nyama kavu, wanakunyang'anya uwanjani. Embe nalo linataka cheti. Samaki mkavu wa kula mwenyewe anaruhusiwa, mpaka kilo 20. Dagaa wa Kigoma kilo mbili wanakupeleka mwezi mzima, wana chuma na chokaa na kila kitu. Wafunge mara tatu, wenzio watano wa jikoni hawajazoea harufu.

MgeniLeipzig
Asanteni sana wote, Mwenyezi Mungu awabariki. Nimeweka miadi ya Hausarzt Alhamisi. Kesho naanza na mchele, mısır unu na maini, na Mensa Jumatatu na Jumatano. Mama, choroko nikizikosa kabisa, hizo dengu nyekundu zinakubali tui?

MamaChoroko_Ungj
Zinakubali vizuri tu. Hizo huna haja ya kuroweka, ni dakika 15 zimeshaiva, na maji weka machache maana zinavurugika. Chumvi tia mwisho. Ukiona nzito sana ongeza maji ya moto, usitie ya baridi.